Kompyuta ya Gemu kwa Awamu Mbili: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mbeya

Mazingira ya kisa

Mwezi Juni 2023 mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimojawapo jijini Mbeya alifika kwenye karakana yangu akiwa ameandamana na mjomba wake. Walikuwa na Sh 1,150,000 iliyotokana na mauzo ya viazi mviringo vya familia, na walitaka kompyuta ya kuchezea gemu ambayo ingetumika pia kwa michoro ya masomo. Familia ilikuwa imeahidi kuongeza Sh 500,000 baada ya mavuno yanayofuata, yaani baada ya miezi sita hivi. Jina la mteja, chuo, kijiji na maduka yote yaliyohusika nimeyaondoa, na bei nimezikadiria hadi elfu tano ya karibu.

Kijana alikuwa tayari na monita ya zamani ya pikseli 1920 kwa 1080, kibodi na kipanya. Gemu alizozitaja ni GTA V na FIFA 23, na alisema wazi kwamba angependa baadaye kuhamia gemu nzito zaidi. Chumba alichopanga kilikuwa katika mtaa ambao umeme wake hushuka nguvu jioni. Nilipokwenda kupima saa 2 usiku kwa mita yangu, soketi ya ukutani ilisoma volti 178 badala ya 230. Kipimo hicho kilibadilisha orodha ya vifaa kuliko gemu zote mbili alizozitaja.

Machaguo yaliyokuwa mezani

Chaguo la kwanza lilikuwa la mjomba. Maeneo ya Mwanjelwa alikuwa ameona kompyuta ya ofisi iliyotumika, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5 ya kizazi cha saba na RAM (kumbukumbu ya muda) ya gigabaiti 8, kwa Sh 420,000. Alipendekeza inunuliwe hiyo, iongezewe kadi ya grafiki (kifaa cha kuchora picha za gemu) ya GTX 1650 iliyotumika ya takribani Sh 340,000, na fedha itakayobaki irudi nyumbani. Hoja yake aliitoa kwa utulivu: «Fundi, hela ya mavuno yajayo haipo mfukoni kwangu wala kwa huyu mpwa wangu. Mashine ya leo ifanye kazi leo.»

Siku ile niliipinga hoja hiyo kwa sababu tatu. Mashine nyingi za ofisi za aina hiyo zina paua saplai (kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta) ndogo, ya wati 180 au 240, yenye umbo na plagi za mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo ya kawaida ya dukani haiingii bila kubahatisha na vibadilishi vya nyaya. Kadi yake hulazimika kuwa ile inayojitosheleza kwa wati 75 zinazopita kwenye bodi yenyewe (ubao mkuu unaobeba vifaa), na GTX 1650 iko karibu kabisa na kikomo hicho. Pili, bodi ya kizazi hicho haipokei rasmi prosesa iliyo mbele zaidi ya i7-7700, ambayo ina viini (vitengo vyake vya kazi) vinne tu. Tatu, prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, isipokuwa chache, hazimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Microsoft ilikuwa imeshatangaza kuwa msaada wa Windows 10 ungekoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Chaguo la pili, ambalo kijana mwenyewe alikuja nalo kutoka kwenye video alizotazama, lilikuwa soketi (kiti cha prosesa kwenye bodi) ya AM5 ya kampuni ya AMD, iliyotoka Septemba 2022. Ni soketi yenye maisha marefu mbele yake, lakini inatumia RAM ya DDR5 pekee, na kwa wakati ule bodi na RAM vingemeza zaidi ya nusu ya bajeti kabla hatujafika kwenye kasha la kufungia vifaa. Halikuchukua dakika tano.

Chaguo la tatu lilikuwa langu: soketi ya AM4, iliyoitangulia AM5, pamoja na prosesa ya Ryzen 5 5600G, yenye viini sita na grafiki ya Vega ndani yake. Kwa mpango huu kompyuta ingewaka na kucheza gemu nyepesi bila kadi yoyote, kisha kadi kamili ingeingia fedha ya pili itakapopatikana. Mjomba aliuliza swali zuri: kwa nini kununua soketi ambayo kampuni yenyewe imeshaanza kuiacha? Nilimjibu kwamba mtu wa bajeti ndogo hapandishi uwezo kwa bidhaa mpya za mwaka huo, bali kwa zile ambazo wenye fedha wamezichoka. AM4 imekuwa sokoni tangu 2016, imepokea prosesa nyingi mno, na kila mtu anayehamia AM5 anaacha kitu ambacho siku moja kitafika Kariakoo kama mtumba. Jibu hilo bado nalisimamia.

Kijana alichagua la tatu. Mjomba alitoa fedha, ingawa uso wake ulionyesha kuwa hakushawishika.

Ununuzi wa awamu ya kwanza

Kanuni niliyoifuata ilikuwa kutenganisha vifaa vitakavyobaki na vitakavyoondoka. Paua saplai, bodi na kasha vilipaswa kubaki. Prosesa na RAM vingeweza kuuzwa na kubadilishwa. Kwa hiyo paua saplai ilichukua Sh 165,000 kwa wati 550, kiasi ambacho mashine isiyo na kadi haikihitaji hata kidogo, kwa kuwa ingetumia karibu wati 100 tu wakati wa gemu. Nilichozingatia zaidi ya wati ni maandishi ya pembeni kwenye lebo yake. Paua saplai ya bei rahisi inayokuja ndani ya kasha mara nyingi huandikwa volti 200 hadi 240, ambapo ile tuliyoichukua iliandikwa 100 hadi 240. Kwa nyumba yenye volti 178 saa mbili usiku, tofauti hiyo ndogo ya maandishi ndiyo inayoamua kama kompyuta itazimika katikati ya mchezo au haitazimika.

Prosesa iligharimu Sh 370,000, bodi ya B550 yenye nafasi mbili za RAM Sh 240,000, diski ya SSD ya gigabaiti 500 Sh 100,000, na kasha lenye uwazi wa milimita 290 kwa ajili ya kadi Sh 85,000. Kwenye RAM nilinunua stiki moja ya gigabaiti 16, aina ya DDR4-3200, kwa Sh 110,000, nikiacha nafasi ya pili wazi ili baadaye aongeze nyingine ya aina hiyohiyo na kufikia 32. Pamoja na nauli ya mzigo wa basi kutoka Dar es Salaam, jumla ilifika Sh 1,095,000. Vifaa vilisafirishwa vikiwa kwenye maboksi yake na nikaviunganisha hapa Mbeya. Sikubali kompyuta iliyokwisha fungwa isafiri zaidi ya kilomita 800 ikiwa na feni ya prosesa inayoning'inia kwenye bodi.

Hitilafu ya mwezi wa kwanza

Wiki mbili baadaye kijana alirudi. «Shikamoo fundi. Inawaka vizuri, lakini gari likiingia mjini linagandaganda.» Alikuwa na maana ya gari la ndani ya GTA V. Tuliiwasha mezani kwangu, tukaweka kipimo cha fremu (picha zinazotolewa kila sekunde) pembeni ya skrini, na tukaendesha njia ileile mara tatu. Wastani ulikuwa fremu 31 kwa sekunde, na kwenye makutano yenye magari mengi ilishuka chini ya 20.

Nilianza kwa kutafuta joto, kama fundi yeyote anavyofanya. Ilikuwa Julai, mwezi ambao asubuhi ya Mbeya mtu hatoki bila sweta, na prosesa haikuvuka nyuzi 62. Draiva (programu za kuendesha vifaa) zilikuwa za karibuni. Nilipofungua ukurasa wa RAM kwenye BIOS (programu ya msingi ya bodi) ndipo nilipoona kosa, na lilikuwa langu kwa pande zote mbili.

Upande wa kwanza ni kwamba RAM ya 3200 haikuwa ikienda kwa 3200. Isipowashwa mpangilio wa XMP, bodi huiendesha kwa kasi ya chini ya usalama, na hii ilikuwa 2400. Nilikuwa nimesahau kuuwasha siku ya kuunganisha. Upande wa pili ulikuwa mzito zaidi. Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe. Hukopa RAM ya kompyuta, na kasi ya gemu hutegemea ni data kiasi gani inaweza kupita kati ya prosesa na RAM kila sekunde. Stiki moja hutumia njia moja, stiki mbili hutumia njia mbili. Kwa 2400 na njia moja, uwezo wa juu ni gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Kwa 3200 na njia mbili ni 51.2. Nilikuwa nimempa kijana chini ya nusu ya kile ambacho prosesa yake ingeweza kutumia, na nilifanya hivyo kwa jina la kumwachia nafasi ya kupandisha uwezo.

Tulipowasha XMP peke yake wastani ulifika 37. Nilichukua stiki mbili za gigabaiti 8 kutoka kwenye rafu yangu, nikazibadilisha na ile moja, nikaongeza sehemu ya RAM inayotengwa kwa grafiki kutoka megabaiti 512 hadi gigabaiti 2, na njia ileile ikatoa wastani wa fremu 56. Tofauti ya bei niliibeba mwenyewe.

Miezi kumi na minne

Fedha ya pili haikuja Januari. Bei ya viazi ilianguka wakati wa mvua, ada ya chuo ikaingia katikati, na mpango wa miezi sita ukawa wa miezi kumi na minne.

Katika kipindi hicho lilitokea tukio moja ambalo lilipaswa kuzuiwa kwenye orodha ya kwanza. Usiku mmoja wa Novemba, wakati wa radi, umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika chache huku Windows ikijisasisha. Vifaa havikuungua, lakini mfumo haukuwaka tena na ilibidi upandikizwe upya. Kazi za chuo za wiki mbili ambazo hazikuwa na nakala zilipotea. Baada ya hapo ndipo tulipotafuta UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika) ya VA 650 kwa Sh 150,000. Betri yake haitoshi kumaliza mechi, na haikununuliwa kwa ajili hiyo. Inampa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Awamu ya pili

Agosti 2024 kijana alipata Sh 500,000. Safari hii alitafuta mwenyewe na kuniletea machaguo, jambo ambalo nililifurahia kuliko fedha yenyewe.

La kwanza lilikuwa RX 580 ya gigabaiti 8 iliyotumika, Sh 260,000. Nilimwelekeza amwombe muuzaji picha ya programu ya GPU-Z ikiwa kadi imewashwa, na atazame mstari wa vitengo vya kuchakata. RX 580 kamili ina 2304. Picha ilipofika ilisoma 2048, yaani toleo pungufu linalouzwa kwa jina lilelile. Muuzaji hakusema uongo kwenye tangazo lake, ila hakusema yote. Zaidi ya hapo, kadi za aina hiyo hula hadi wati 185, na tangu mwishoni mwa 2023 AMD ilikuwa imeiweka familia yake kando katika masasisho ya draiva. Tuliiacha.

La pili lilikuwa RX 6500 XT mpya, Sh 400,000, na hapa upya ulikuwa mtego. Kadi hiyo ina gigabaiti 4 tu na hutumia njia nne za PCIe kuwasiliana na bodi. Njia hizo zinavumilika zikiwa za toleo la 4.0, lakini 5600G hutoa toleo la 3.0 pekee hata ikiwa kwenye bodi ya B550, hivyo upana wake ungekatwa nusu hapohapo.

La tatu, RX 6600 iliyotumika ya gigabaiti 8, kwa Sh 470,000, ndiyo tuliyoichukua. Inatumia wati 132, inahitaji plagi moja ya pini nane ambayo paua saplai yetu ilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, na njia zake nane zinatosha hata kwenye 3.0. Ndugu yake aliyeko Dar es Salaam alikwenda dukani, akasimama pale nusu saa kadi ikiwa kwenye mzigo kamili, na akanionyesha joto na feni kwa simu ya video kabla ya kulipa. Ikapakiwa kwenye basi la alfajiri.

Kijana aliifunga mwenyewe na kunipigia simu usiku, sauti ikiwa imenyong'onyea: «Fundi, haijabadilika kitu. Fremu ni zilezile.» Nilimuuliza waya wa monita umechomekwa wapi. Kimya kilichofuata kilitosha kuwa jibu. Waya ulikuwa bado kwenye bodi, na picha ilikuwa inaendelea kutoka kwenye grafiki ya ndani ya prosesa huku kadi ya karibu laki tano ikizungusha feni bure. Alipouhamishia kwenye kadi, GTA V ilivuka fremu 100 kwa mipangilio ya juu.

Uchambuzi

Kilichofaulu bila ubishi ni paua saplai, kasha na bodi. Hakuna kimojawapo kilichoguswa katika awamu ya pili, na kadi iliingia kwa bisibisi moja. Laiti tungechukua kasha la Sh 60,000 lenye paua saplai yake ndani, tungeokoa karibu laki mbili siku ya kwanza na kuzilipa tena pamoja na riba Agosti 2024, hapo tukidhani volti za jioni zingeiacha hai hadi wakati huo.

Kosa la RAM linastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu halikutokana na ubahili. Gharama ilikuwa ileile. Stiki moja ya 16 na mbili za 8 zilipishana kwa shilingi chache. Nilifanya kosa kwa kufikiria kupandisha uwezo kama nafasi tupu inayopaswa kulindwa, bila kuuliza nafasi hiyo itajazwa kwa haja gani. Hadi leo kijana hajawahi kutumia zaidi ya gigabaiti 16. Endapo angekuwa na kadi tangu mwanzo, stiki moja ingemuumiza kidogo tu. Kwa prosesa inayokopa kumbukumbu, lilikuwa ndilo kosa kubwa kuliko yote. Ningeweza pia kuchukua bodi yenye nafasi nne kwa kuongeza Sh 40,000 hivi, na mjadala wote usingekuwepo. Wakati huo bakaa ilikuwa Sh 55,000.

UPS nayo ilikuwa upungufu wa orodha kabla ya kuwa wa fedha. Nilikuwa nimepima volti 178 kwa mkono wangu, nikachukua hatua kuhusu umeme mdogo, na sikufikiria umeme unaokatika, kana kwamba ni mitaa miwili tofauti.

Sasa nirudi kwa mjomba. Kwa muda wa miezi kumi na minne, mashine yake ya ofisi yenye GTX 1650 ingempa kijana fremu nyingi kuliko 5600G, kwa gharama ya Sh 760,000. Hilo ni kweli na halifichiki. Mpango wangu ulianza kushinda siku kadi ilipoingia, na ungekuwa umeshindwa kabisa kama bei ya viazi ingeanguka msimu mmoja zaidi na kijana akamaliza chuo bila fedha ya pili. Nilipompinga mjomba nilizungumzia soketi, wati na Windows 11, na yote yalikuwa sahihi, lakini yeye alikuwa anazungumzia uhakika wa fedha, na hapo sikuwa na jibu. Tangu kisa hiki, kabla ya kumpangia mteja awamu mbili, namuuliza fedha ya pili inatoka wapi na nani ameishika. Jibu likiwa «tutaona», nampangia mashine moja iliyokamilika, hata kama njia yake ya mbele ni fupi.

Kuna gharama nyingine ya mpango wa awamu ambayo wateja huambiwa mara chache. 5600G ina kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 16, ilhali 5600 ya kawaida, isiyo na grafiki, ina 32 na huwa na kasi zaidi kwenye gemu ikishawekewa kadi. Kwa hiyo kijana alilipia grafiki ya ndani iliyomvusha miezi kumi na minne, na sasa anaendelea kuilipia kwa fremu chache anazokosa. Naona biashara hiyo ilikuwa ya haki kwake.

Hali ilivyo baada ya hapo

Jumla ya matumizi, pamoja na UPS na kadi, ilikuwa Sh 1,715,000 bila nauli ya mzigo wa pili. Mapema mwaka uliofuata kijana alikuja kuuliza kama auze 5600G na kununua Ryzen 7 5700X3D, ambayo bodi yake inaipokea baada ya kusasisha BIOS na ambayo ina kashe ya megabaiti 96. Niliangalia mipangilio ya skrini yake kabla ya kumjibu. Monita ile ya zamani huonyesha picha 60 tu kwa sekunde, kwa hiyo fremu nyingine zote ambazo kadi ilikuwa inazitoa kwenye GTA V hakuwahi kuziona. Anatafuta monita iliyotumika ya hezi 144, yaani picha 144 kwa sekunde, na nimemwambia asiruhusu iletwe kwa basi bila boksi lake la awali.